Siku Diakonia Ilipoketi Kula Nyakakika

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti ofisi ya diakonia ya kanisa letu, mjini Kayanga, Karagwe, nikiwa na viatu vipya vilivyonibana na mkoba uliobeba cheti changu cha chuo cha ustawi wa jamii. Nje ya mlango palikuwa na benchi refu, na watu walioketi hapo walinifanya nidhani nimekosea njia nikaingia zahanati. Mzee mmoja mwenye fimbo alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye vile viatu, kisha akasogea kidogo ili nipate nafasi ya kupita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye diakonia mpya?"

"Ndiyo, baba. Naanza leo."

"Mabati yamekuja?"

Mama aliyeketi kando yake akamgusa kwa kiwiko. "Mwache kwanza apumue, Ta Rwegasira. Hata kiti chake hajakiona."

"Kiti sijamwomba," mzee alisema. "Nimemuuliza mabati."

Ndivyo nilivyolipata neno diakonia kwa mara ya kwanza nje ya darasa. Kwa Ta Rwegasira (Ta kwetu ni baba, kama Ma alivyo mama), diakonia lilikuwa jina la mahali mabati yanakotoka, pamoja na mablanketi, na katika msimu wa njaa, mahindi. Hakuwa amekosea kabisa. Ofisi ile ilikuwa imewahi kugawa vyote hivyo, na mtu hulijua neno kwa kile lilichomletea nyumbani.

Mkuu wangu wa kwanza, Katibu wa Diakonia, alikuwa mchungaji mrefu mwenye sauti ya chini. Alikuwa na tabia ya kufafanua neno kabla ya kukupa kazi inayotokana nalo. Aliniketisha, akanieleza kwamba diakonia ni neno la Kigiriki, na kwamba watu wa kale walilitumia kwa kazi ya mezani: kupeleka chakula, kumimina maji, kusimama karibu na wanaokula. Katika kanisa la mwanzo kule Yerusalemu, wajane wa kundi moja walianza kusahauliwa wakati wa ugawaji wa kila siku. Manung'uniko yakazuka, wakachaguliwa watu saba wa kuisimamia kazi hiyo. Kadiri kanisa lilivyokua, kazi hiyo ikawa daraja lenye heshima yake na vazi lake, na mwenye daraja hilo sisi tunamwita shemasi, jina lililotufikia kupitia lugha za Mashariki ya Kati.

"Kwa hiyo, binti," alisema huku akifuta miwani, "ofisi unayoingia leo ilianzishwa na malalamiko ya chakula. Usishangae watu wakikulalamikia."

Nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa na safari nyingine. Mama alitangaza kijijini kwamba bintiye amekuwa shemasi, kwa kuwa katika kanisa letu alikuwa amewaona masista mashemasi wakitembelea wagonjwa, na hakuona tofauti kati yao na mwajiriwa mwenye cheti. Jirani yetu Ta Byabato, Mkatoliki wa kizazi na kizazi, alikuja jioni kutoa pongezi, lakini uso wake ulijaa mashaka.

"Nimesikia umepata ushemasi," alisema.

"Nimepata kazi katika idara ya diakonia, baba."

"Ndiyo hiyo hiyo. Sisi kijana akipata ushemasi, mwaka haupiti, tunachinja ng'ombe, amekuwa padre. Wewe upadre utaupata lini?"

"Mimi nitabaki hapo hapo, baba."

Alinihurumia kwa dhati. "Usikate tamaa, mwanangu. Soma kwa bidii."

Nawaeleza haya vijana mnaoingia sasa katika kazi za ustawi wa jamii, muone kwamba neno moja linaweza kuishi vizuri katika nyumba tatu bila nyumba hizo kukubaliana. Tofauti hiyo haikunisumbua. Kilichonisumbua baadaye ni jinsi tulivyoifanya kazi yenyewe.

Kazi ilikuwa hivi. Tulifanya ziara za nyumbani, maana yake kumfuata mhitaji anakoishi badala ya kumngoja kwenye benchi. Tulifanya tathmini ya kaya, yaani kuangalia nani yupo, anafanya nini, anakula nini, na akianguka nani atamwinua. Aliyehitaji hospitali tulimpa rufaa. Aliyehitaji kujifunza upya kutembea, kushika au kujihudumia, tulimwingiza katika utengamao, na hapo tulirudi kwake tena na tena mpaka mwili wake ukubaliane na maisha yake.

Palikuwa na kanuni moja ambayo Katibu aliirudia kuliko zote: hatuli katika nyumba tunazozihudumia. Haikuwa kanuni ya majivuno. Zamani, kabla sijaajiriwa, aliwahi kwenda na gari lililojaa maofisa kwa mjane mmoja, naye mjane akachinja kuku wake wa pekee. "Tulikwenda kumsaidia," aliniambia, "tukarudi tumemla kuku." Kuanzia siku hiyo kila mtumishi alitoka ofisini na chupa yake ya chai. Tulipokaribishwa, tulijibu kwa upole kwamba tumeshiba. Mimi nilikuwa na maandazi yangu kwenye mfuko wa plastiki, nikiyala kando ya barabara, nimeegemea pikipiki ya ofisi.

Kituo changu cha pili kilikuwa Nyaishozi, chini ya Mchungaji Kiongozi wa usharika, yaani waumini wa eneo lile, mtu mnene, mcheshi, mwenye kupenda kilimo. Huko niliikuta maana nyingine. Ilikuwapo Jumapili ya diakonia, ambapo waumini walileta madhabahuni mikungu ya ndizi, maharage, mihogo na kahawa, na baada ya ibada vitu hivyo vilinadiwa uani kwa ajili ya wasiojiweza. Mchungaji mwenyewe ndiye aliyekuwa mnadi. "Mkungu huu ni wa mzee wa kanisa," alipaza sauti, "na ninyi mnaujua ubahili wake, kwa hiyo jueni umemuuma!" Watu walicheka, mzee wa kanisa naye akacheka, na mkungu ukapata mnunuzi. Pale diakonia ilikuwa siku, tena siku ya furaha. Nilijifunza kwamba mtu akibeba mkungu kichwani kuupeleka kwa ajili ya mwingine, jambo fulani hubadilika ndani yake hata kama hatamwona kamwe atakayeula.

Wanyaishozi walinisamehe nilipokataa chakula chao. Walisema ni adabu za ofisini. Sikuona madhara yoyote, nikahamia Nyakakika nikiwa na kanuni ile ile na chupa ile ile.

Nyakakika ndiko nilikokutana na Ma Kokushubira. Alikuwa mjane wa umri wa mama yangu, mwembamba, mwenye macho ya kejeli kidogo. Ujanani aliugua ukoma. Alitibiwa akapona, lakini ugonjwa ulikuwa umemwachia ganzi katika viganja na nyayo, na vidole kadhaa vilikuwa vimejikunja. Mwenye ganzi ya namna hiyo hahisi moto wala mwiba. Hupata kidonda asijue, na kidonda kisichojulikana ndicho kinachomlaza mtu. Kazi yangu ilikuwa kumfuatilia katika kujitunza: kuloweka miguu kila siku, kusugua sugu kwa jiwe, kupaka mafuta ya mgando, kukagua nyayo kwa kioo kidogo. Fundi wa ofisi alimtengenezea kisu chenye mpini mnene wa mti, na vishikio vya nguo nene vya kuipulia sufuria. Alivitumia vizuri. Mwanzoni alikuwa na kidonda kimoja, nacho nilikisafisha na kukifunga mwenyewe mpaka kikapona.

Lakini hakuingia kwenye orodha yangu kwa sababu ya kidonda. Mwanawe, Alinda, fundi cherehani aliyefanya kazi Kayanga, alikuwa amekuja ofisini kuomba mama yake apelekwe kituo cha kulelea wazee, mbali, nje ya wilaya. Alikuwa kijana mwenye heshima na aliyechoka.

"Msidhani nataka kibanja chake cha migomba, dada," aliniambia. "Migomba hiyo ibaki hapo hata iote magugu. Mimi nakuja mara moja kwa mwezi, na katika mwezi huo mzima hakuna mtu anayevuka kizingiti chake. Akianguka leo, atakayemkuta ni mimi mwisho wa mwezi."

Ofisi iliniagiza nifanye tathmini. Nikithibitisha kwamba Ma Kokushubira hana watu, angehamishwa. Mwenyewe nilipomuuliza, alikuwa anamenya ndizi kwa kile kisu chake, na hakuinua macho.

"Nimeshalala kwenye kitanda chenye namba, nikiwa msichana," alisema. "Walinitibu, nawashukuru. Lakini kule mtu akileta chakula unakula, asipoleta husemi. Hapa nachagua mimi mkungu upi ukatwe leo. Mwambie Alinda kwamba mkungu bado nauchagua."

Kila nilipokwenda alinitolea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mgeni yeyote wa kwetu hupewa kabla hajasema shida yake. Nilimshukuru, nikakirudisha kikapu bila kugusa kitu. Kisha alinikaribisha ndizi kwa maharage, nami nikasema nimeshiba. Hakulazimisha. Alifunika sufuria yake, tukaendelea na miguu.

Siku moja nikitoka kwake, jirani yake Ma Paulina alikuwa anapalilia kandokando ya njia. Alikuwa mama mwenye sauti inayovuka migomba, na alikuwa ananingoja.

"Dada wa diakonia! Umetoka kula?"

"Hapana, mama. Sisi hatuli kwa watu."

"Hamli kwa watu, au hamli kwake?"

"Hatuli popote, mama. Ni utaratibu wa ofisi."

Aliegemea jembe lake, akacheka bila furaha. "Huko popote mimi sikufiki. Naona hapa tu. Namwona msomi, anayeujua ugonjwa ule mwanzo mpaka mwisho, anamfunga mwenzetu vidonda kwa mikono yake mitupu. Nikasema moyoni, Paulina, umekuwa mjinga miaka yote hii, kumbe hauambukizi. Kikapu cha kahawa kikitoka, msomi anakirudisha. Sasa sisi ambao hatukusoma tukuige wewe yupi, yule wa vidonda au yule wa kahawa?"

Nilisimama na kofia ya pikipiki mkononi.

"Na jumuiya?" niliuliza. "Haiji kwake?"

Jumuiya, kwa wasiotoka kwetu, ni kaya za jirani zinazokutana kusali kila wiki, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Mwenye zamu hupika, na baada ya sala chakula humiminwa juu ya jani pana la mgomba, wote wakaketi kulizunguka.

"Ikifika zamu yake tunaruka," alisema Ma Paulina. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hakuna aliyesema turuke. Yeye mwenyewe huja kwetu, hukaa mlangoni, hula kwenye sahani yake aliyokuja nayo. Tumezoea hivyo, na yeye kazoea hivyo."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nyumba haijakosa watu kwa sababu ya ukoma peke yake. Ukoma ulikuwa umepona zamani. Kanuni yetu, iliyotungwa kumlinda kuku wa mjane, ilikuwa imefika Nyakakika na kuwa ushahidi. Kama hata diakonia haili pale, nani ale?

Nilikwenda Kayanga kumwona Katibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kanuni nikiifungua kwa nyumba moja," alisema, "kesho madereva watakula kuku wa Karagwe nzima."

"Basi isemwe kwamba tunakula kile kilichokwisha kupikwa, baba mchungaji. Kisichinjwe kitu kwa ajili yetu."

"Na ukila wewe peke yako itatosha?"

"Haitatosha. Nataka jumuiya ipokee zamu yake."

"Jumuiya huwezi kuiamuru. Wala mimi siiamuru."

"Sitaiamuru. Nitaketi tu, nile."

Aliifuta miwani, akaivaa tena. Nilidhani anatafuta namna ya kunikatalia kwa adabu. "Alinda anasubiri jibu," alisema hatimaye, "na siwezi kumwambia mtoto asubiri wakati mama yake yuko peke yake. Fanya siku moja. Wasipoketi, utaandika kwamba hana watu, nami nitatia sahihi. Na jambo moja: usipeleke mchele, usipeleke sukari, usipeleke hata chumvi. Ukipeleka kitu chochote, watasema wamekula chakula cha ofisi."

Neno hilo la mwisho ndilo lililookoa siku ile, nami nimelirudia kwa kila niliyemfundisha tangu wakati huo.

Mwinjilisti wa mtaa, aliyeongoza sala katika eneo lile, alikubali kuitangaza zamu ya Ma Kokushubira. Alitangaza haraka haraka, kati ya tangazo la kwaya na tangazo la ndoa. Kabla ya siku yenyewe Ma Paulina alimwendea mwenzake na mpango alioona una hekima. "Mikono yako ina shida," alimwambia. "Nitapika kwangu, nilete kwako, watu wale, yaishe."

"Zamu ni ya nani?" Ma Kokushubira aliuliza.

"Ni yako."

"Basi njoo na tumbo."

Nilifika mchana. Alikuwa ametandaza nyasi mbichi sakafuni tangu mlangoni hadi ukutani, na nyumba yote ilinukia. Alinitolea kikapu cha kahawa, nikachukua buni, nikatafuna. Alinitazama nikitafuna, kisha akaingia jikoni.

Watu walikuja wachache wachache. Wengine walisalimia wakiwa uani na kusema wanaona vizuri kutokea pale. Sala ikasaliwa, wimbo ukaimbwa, Mwinjilisti akasoma na kufupisha. Kaya mbili ziliaga baada ya amina, moja ikisema ina mbuzi hajafungwa, nyingine bila kutoa sababu. Kisha Ma Kokushubira akatoka jikoni ameshika sufuria kwa vile vishikio vya nguo, akaipindua juu ya jani: ndizi laini zilizochanganyika na maharage, mvuke ukapanda. Akaleta maji ya kunawa. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Nilinawa, nikaketi kwenye nyasi, nikaanza kula. Sijawahi kusikia sauti ya kutafuna kwangu mwenyewe kwa namna ile.

"Mwinjilisti, karibu," alisema Ma Kokushubira.

Mwinjilisti alikohoa. "Ahsante sana, mama. Ni kwamba nipo kwenye dawa."

"Pole. Ni dawa gani hiyo inayokataza ndizi?"

Mtu mmoja pale uani akaangua kicheko, akajaribu kukimeza, akashindwa, na kicheko kikawaambukiza wengine. Mwinjilisti mwenyewe akatabasamu kwa aibu. Lakini bado hakuna aliyeketi, na nilianza kuiona ile karatasi ya tathmini na sahihi ya Katibu chini yake, na mama huyu akipandishwa kwenye gari na kifurushi chake.

Ma Paulina akafunga khanga yake upya, akapita katikati ya watu, akanawa.

"Sogea huko, dada wa ofisi," aliniambia. "Umekalia upande wenye maharage yote."

Akaketi. Akamega, akatia mdomoni, akatafuna akitazama juu. Watu wote walikuwa wanamtazama mdomo. Akameza. Kisha uso wake ukakunjamana.

"Kokushubira!"

"Bee."

"Chumvi umeificha wapi?"

"Ipo, mbona."

"Ipo dukani. Humu haimo. Umekaa peke yako mpaka umesahau watu wanakula chumvi!"

Ma Kokushubira alisimama na mikono kiunoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona amekasirika kwa raha. "Nyumbani kwako nimekula maharage mabichi mara ngapi, nikanyamaza? Paulina, nimekula mawe!"

Nyumba ikacheka, na uani kukacheka. Mwinjilisti akavua viatu, akanawa, akaketi. Wakaja wengine, bega kwa bega, mpaka mimi nikasukumwa nje ya jani kabla sijashiba. Nimesoma vitabu kadhaa juu ya unyanyapaa na namna unavyovunjwa. Sijakuta kilichosema kwamba huvunjika pale mtu anapolalamikia chumvi. Chakula cha mtu unayemhurumia utakimeza kimyakimya na kukisifu. Kasoro ya chakula unamwambia mwenzako tu.

Si kwamba siku moja ilimaliza kila kitu. Zile kaya mbili zilichelewa. Moja iliketi kwenye jani baada ya misimu kadhaa ya maharage, nyingine mpaka leo hula imesimama. Lakini zamu haikurukwa tena. Nilipoandika tathmini yangu, kwenye swali la nani atamwinua akianguka, niliandika jina la Ma Paulina, kwa maneno yake mwenyewe: asubuhi akitoka nje hutazama jikoni kwa mwenzake, na moshi usipoonekana, anakwenda. Alinda alikuja kulisoma jibu hilo, kisha akaenda Nyakakika kuhakikisha. Alirudi siku ya pili na harufu ya moshi kwenye shati.

"Wanagombana sana wale," aliniambia. "Yule jirani alimgombeza mama mbele yangu kwa kukata mkungu ambao haujakomaa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo abaki," alisema, na machozi yakamlengalenga. Ombi la kituo aliliondoa siku hiyo hiyo.

Katibu naye aliibadilisha kanuni. Tangu hapo watumishi wa idara yetu walipokea kahawa, na kula kilichokuwa kimekwisha kupikwa, na kukataa katakata kuchinjiwa. Kwenye tathmini tuliongeza swali ambalo halikuwamo katika mafunzo yangu ya chuo: nani hula katika nyumba hii, ukiacha wenye nyumba?

Miaka yangu ya mwisho ya kazi niliimalizia Kyerwa, nikiwafundisha wahudumu wa kujitolea wa sharika. Mkuu wa Jimbo, msimamizi wa sharika zote za huko, hakuifurahia habari yangu mwanzoni. "Mama," aliniambia mbele ya darasa, "unataka watumishi wangu wageuke walaji?"

"Nataka wageuke wageni, baba mchungaji. Mgeni hupewa kahawa, na aliyempa huwa mwenyeji."

Alitikisa kichwa, lakini mapumziko yalipofika nilimkuta amekaa na wahudumu, akiwasimulia nyumba alizokula alipokuwa mwinjilisti kijana, na nyumba ambazo hakula, na namna anavyozikumbuka zaidi zile ambazo hakula.

Sasa nimestaafu kwa hiari, nikiwa bado na nguvu za kupalilia. Vijana hunijia na kuniuliza diakonia ni nini hasa, kwa kuwa wanakuta idara, Jumapili, kamati na vazi, vyote kwa jina moja. Sijawahi kumkatalia mtu maana yake. Ta Rwegasira alinyeshewa, na bati ni huduma. Ta Byabato aliwaona mashemasi wakipanda kwenda altareni, na heshima ile ni ya kweli. Wanyaishozi waliubeba mkungu, na mkungu ni mzito. Mimi nimebaki na maana ya meza, ambayo Katibu alinipa, ila ninaongeza neno dogo ambalo maisha yalinifunza: anayeihudumia meza sharti naye siku moja aandaliwe meza, na aandaliwe na yule yule aliyekuwa anahudumiwa naye. Vinginevyo tunagawa vitu tu. Ninyi mna simu zinazojaza tathmini zenyewe, na mafunzo bora kuliko yetu, na ninawaona mnavyoketi na watu. Sina hofu juu ya kazi hii.

Kabla sijakabidhi pikipiki ya ofisi nilikwenda Nyakakika kumuaga Ma Kokushubira. Jumuiya ilikuwa imekwisha kumchagua kuwa mwenyekiti wa kamati yake ya diakonia, ambayo kazi yake ni kuwatembelea wagonjwa na wazazi waliojifungua na kuhakikisha wana chakula. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kumwambia. Nilikuta mlango umefungwa kwa kamba ya mgomba, na nyasi za sakafuni, nilivyozichungulia dirishani, zilikuwa zimelala kwa kukaliwa.

Ma Paulina alitokea upande wa migomba yake, amezeeka, sauti ile ile. "Unamtafuta Kokushubira? Hutampata. Kuna binti kajifungua kule chini, mama yake yuko mbali. Mwenzako katoka asubuhi na sufuria."

"Atarudi saa ngapi?"

"Nani ajuaye? Akitoka huko atapita kwa mgonjwa wa mguu. Jana nilimngoja mpaka ndizi zikapoa. Mimi nikiumwa nitamwandikia barua!"

"Naweza kumngoja hapa?"

"Ngoja kama huna kazi. Ila nakwambia, utalala."

Nilisimama kidogo pale mlangoni ambapo zamani hakuna aliyevuka, nikiwa na maneno yangu mazuri ambayo hayakuwa na wa kuyasikia. Mwanamke aliyekuwa ahamishwe kwa kukosa watu hakupatikana nyumbani kwa sababu ya wingi wa watu wake. Nikawasha pikipiki. Baadaye, Kayanga, ofisi ilinifanyia sherehe ya kustaafu yenye keki na hotuba, nami niliishukuru kwa moyo wote. Lakini tangu nianze kazi mpaka niiache, sijaagwa vizuri kama nilivyoagwa na mlango ule uliofungwa.